Funguo za Mwenye Nyumba: Upapa Ulitoka Wapi?

Jumuiya yetu hukutana Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, uani kwa mwenzetu mmoja huku Tandika. Tarehe 26 Aprili 2025 tulikuwa wengi kuliko kawaida, kwa sababu ndiyo siku Papa Fransisko aliyokuwa anazikwa, na kwa saa zetu ibada ilikuwa ianze saa tano asubuhi. Tuliposali tukamaliza, kijana mmoja aliyepata Kipaimara mwaka uliotangulia akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kazini nina jamaa yangu Msabato. Ananiambia neno Papa halimo kwenye Biblia hata mara moja. Nimelitafuta wiki nzima sijaliona. Nimjibuje?"

Katekista wetu, mzee wa watu, akamwambia, "Mwanangu, hata neno Utatu halimo."

Ni jibu la kweli, ila halikumtosha yule kijana, na mimi pia halikunitosha. Nimelibeba swali lake tangu siku ile, nikasoma, nikauliza mapadre wawili watatu, na nilichokigundua ni kwamba ubishi huu haufiki popote kwa sababu watu wanapika maswali matatu katika sufuria moja. Swali la kwanza: je, Yesu alimpa Petro kazi ambayo wale mitume wengine hawakupewa? La pili: kazi hiyo ilikuwa iishe Petro alipokufa, au ilikuwa ya kurithiwa? La tatu: kwa nini mrithi awe askofu wa Roma, na madaraka aliyonayo leo aliyapata lini? Ushahidi wa maswali haya haulingani uzito. La kwanza Biblia inalijibu kwa nguvu. La pili inalidokeza. La tatu ni historia, tena ndefu, na Mkatoliki anayemwambia jirani yake kwamba mambo yote ya Vatikano yalikuwepo tayari siku ya Pentekoste anaidhoofisha imani anayotaka kuitetea.

Tuanze na Mathayo 16. Yesu amewapeleka wanafunzi wake kaskazini kabisa, pande za Kaisaria Filipi, chini ya Mlima Hermoni. Mahali penyewe papo hadi leo: ukuta mrefu wa mwamba, pango kubwa, na chemchemi inayopeleka maji Yordani. Wapagani walikuwa wanamwabudu pale mungu wao Pani. Mbele ya mwamba huo Simoni anasema, "Wewe ndiwe Kristo, Mwana wa Mungu aliye hai," na Yesu anamjibu, "Wewe ndiwe Petro, na juu ya mwamba huu nitalijenga kanisa langu; wala milango ya kuzimu haitalishinda."

Kwa Kiswahili, Petro ni jina na mwamba ni mwamba, masikio hayaunganishi. Wafaransa wana bahati, kwao Pierre ni jina la mtu na pierre ni jiwe. Kwa Kigiriki cha Mathayo ni Petros na petra, na hapo ndipo baadhi ya wahubiri husema kwamba Petros ni kijiwe kidogo tu na petra ni mwamba, yaani Yesu alikuwa anawatofautisha. Hoja hiyo ina shida mbili. Petra kwa Kigiriki ni neno la kike, mwanamume hawezi kuitwa hivyo, lazima ligeuzwe mwisho wake. Na Yesu hakumpa Simoni jina la Kigiriki. Yohana 1:42 inasema wazi kwamba alimwita Kefa, na Paulo anamwita hivyohivyo mara kwa mara akiwaandikia Wagalatia na Wakorintho. Kwa Kiaramu, Kefa na mwamba ni neno moja: Wewe ndiwe Kefa, na juu ya kefa hii nitajenga.

Hata hivyo, Mababa wa Kanisa wenyewe, yaani walimu wa Wakristo wa karne za kwanza, hawakulisoma fungu hili kwa namna moja. Yohane Krisostomo aliona mwamba ni ile imani aliyoiungama Petro. Agostino, Mwafrika mwenzetu, alifundisha kwanza kwamba ni Petro, baadaye akasema ni Kristo aliyeungamwa na Petro, na uzeeni akaandika kwamba msomaji achague. Katekisimu yetu leo inaishika ile imani ya Petro na Petro mwenyewe kwa pamoja, kwani imani haikuungamwa na upepo, ilitoka kinywani mwa mtu. Tena maneno haya ya mwamba yako kwa Mathayo peke yake. Marko na Luka wanasimulia tukio lilelile bila kuyataja.

Kwangu mimi uzito haupo kwenye mwamba. Upo kwenye mstari unaofuata, ambao watu huupita mbio: "Nami nitakupa wewe funguo za ufalme wa mbinguni."

Hapa Dar ukipanga chumba uswahilini, mara nyingi mwenye nyumba humwoni. Yuko Moshi, au Tanga, au Mbeya. Unayemwona ni msimamizi. Anakusanya kodi, anashika funguo za geti, anaamua ugomvi wa luku na zamu ya kufagia uwanja, nani apewe kile chumba cha pembeni na nani ahame. Akifunga geti limefungwa. Neno lake kwa wapangaji ni neno la mwenye nyumba, lakini hakuna mpangaji anayedhani nyumba ni ya msimamizi. Na siku akifariki au akiharibu kazi, funguo hazizikwi naye. Mwenye nyumba anamweka mwingine.

Wayahudi waliomsikia Yesu walikuwa na picha hiyohiyo, ila yao ilitoka ikulu. Katika Isaya 22, zama za mfalme Hezekia, msimamizi mkuu wa jumba la mfalme aliitwa Shebna, mtu wa makuu aliyejichongea kaburi la fahari mahali pa juu. Mungu anamwondoa na kumweka Eliakimu mwana wa Hilkia, akisema ufunguo wa nyumba ya Daudi utawekwa begani mwake. Atafungua wala hapana atakayefunga, atafunga wala hapana atakayefungua. Tena anasema Eliakimu atakuwa baba kwa wakaao Yerusalemu. Uweke mstari huo kando ya ule wa Mathayo, funguo kwa funguo, kufunga na kufungua kwa kufunga na kufungua, utaona mfalme wa ukoo wa Daudi anamteua msimamizi wa nyumba yake. Na cheo cha Shebna hakikufutwa alipoondolewa. Mtu alibadilishwa, kiti kikabaki.

Usisome Isaya ukaishia hapo, lakini. Mwisho wa sura hiyohiyo msumari uliokazwa mahali imara, ambao Eliakimu alifananishwa nao, unalegea na kuanguka. Anayepewa funguo anaweza kuanguka pia. Na Ufunuo 3:7 inamtaja anayeushika ufunguo wa Daudi kuwa ni Kristo mwenyewe. Funguo hazikuacha kuwa za mwenye nyumba.

Fungu la pili ni Luka 22:31-32, na hapa Kiswahili chetu kinatusaidia kuliko lugha nyingi kubwa. Mwingereza akisoma, haoni tofauti, kwake mmoja na wengi huitwa kwa neno lilelile. Sisi tunaiona palepale: "Simoni, Simoni, tazama, Shetani amewataka ninyi apate kuwapepeta kama vile ngano; lakini nimekuombea wewe ili imani yako isitindike; nawe utakapoongoka waimarishe ndugu zako." Wanaopepetwa ni wote, anayeombewa ni mmoja, na anaombewa kwa ajili ya wenzake. Yesu anayasema haya usiku uleule Petro atakaomkana mara tatu, na anajua atamkana.

La tatu ni Yohana 21. Ukitoka Misa ya asubuhi Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu ukashika njia ya pwani kuelekea Kivukoni, mwendo mfupi tu uko soko la samaki la Feri. Nenda alfajiri, utaielewa sura hii vizuri zaidi: wavuvi waliokesha, macho mekundu, wengine ngalawa zao zimerudi tupu. Mitume nao walikesha bila kupata kitu. Wanafika ufukweni wanakuta moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Neno la Kigiriki la moto huo, anthrakia, limo mara mbili tu katika Agano Jipya lote. Mara moja ni hapa. Mara nyingine ni uani kwa Kuhani Mkuu, pale Petro alipokuwa anaota moto huku akisema simjui mtu huyu. Mbele ya makaa alikana mara tatu, mbele ya makaa anaulizwa mara tatu, "Wanipenda?" na mara tatu anaambiwa: lisha wana-kondoo wangu, chunga kondoo zangu, lisha kondoo zangu. Zangu, si zako.

Kwa hiyo swali la kwanza, mimi sioni namna ya kulikataa. Petro anatajwa wa kwanza kila orodha ya mitume inaposomwa, na Mathayo 10:2 inaandika hasa neno hilo, "wa kwanza". Ndiye anayesimama Pentekoste. Ndiye anayempokea Kornelio, mtu wa mataifa, kabla Kanisa zima halijaamua la kufanya. Lakini ukimjibu jamaa yako Msabato, usimfiche upande wa pili. Uwezo wa kufunga na kufungua wanapewa wanafunzi wote katika Mathayo 18:18, ingawa funguo hazitajwi hapo. Katika mkutano wa Yerusalemu, Matendo 15, Petro anasema na watu wananyamaza, ila anayetoa hitimisho ni Yakobo. Paulo alimkemea Kefa uso kwa uso kule Antiokia, tena hadharani, na akaliandika kwenye waraka likasomwe na vizazi vyote. Na Petro mwenyewe katika waraka wake wa kwanza anajiita mzee, mwenzi wa wazee. Ukuu wake ulikuwa wa namna hiyo: mkubwa anayeweza kuambiwa amekosea.

Swali la pili lina ushahidi mwembamba zaidi. Yuda alipoanguka, Petro alisimama katikati ya ndugu akanukuu Zaburi: "Usimamizi wake autwae mwingine." Ndilo hilohilo neno la yule msimamizi wa nyumba ya kupanga, usimamizi. Mathiya akachaguliwa. Paulo anamwagiza Timotheo awakabidhi watu waaminifu alichokipokea, nao wawafundishe wengine. Kurithishana kazi kulikuwepo, basi. Lakini Yakobo mwana wa Zebedayo alipouawa kwa upanga, Matendo 12, hatusomi kwamba aliwekwa mtu mahali pake, na hakuna mstari unaosema nani alishika nafasi ya Petro. Biblia inafungwa bila kutuambia hata Petro alifia wapi. Mkatoliki anayeendelea kutafuta mstari hapa anajichosha bure. Kuanzia hapa anayesema ni historia.

Na historia inasema Roma. Paulo alipowaandikia Warumi kwenye mwaka 57, alisalimia watu kwa majina sura nzima, Petro hayumo. Kanisa la Roma lilikuwepo kabla Petro hajafika. Waraka wa kwanza wa Petro unamalizika kwa salamu kutoka "Babeli", jina ambalo Wakristo wa zama zile waliuitia mji wa Roma. Moto ulipoteketeza Roma mwaka 64, Nero aliwasingizia Wakristo, na mateso hayo ndiyo yanayoaminika kumwua Petro huko Vatikano, kilimani kando ya uwanja wa michezo wa Nero. Hakuna mji mwingine wowote wa kale uliowahi kusema, Petro amelala kwetu.

Padre mmoja mwenyeji wa Roma aliyeitwa Gayo aliandika kwenye mwaka 200 kwamba anaweza kukuonyesha kumbukumbu za mitume hao, ya Petro Vatikano na ya Paulo kwenye njia ya Ostia. Karne moja na ushee baadaye mfalme Konstantino akajenga basilika pale, na mafundi wake walifanya jambo ambalo halina maana bila sababu: walichimba kilima upande mmoja na kujaza udongo upande wa pili, wakafukia makaburi ya matajiri yaliyokuwa bado yanatumika, ili altare iangukie mahali pamoja mahususi. Kati ya 1940 na 1949 wachimbaji walishuka chini ya altare hiyo kwa ruhusa ya Papa Pio wa Kumi na Mbili. Walikuta kijimnara kidogo cha karne ya pili, cha kawaida kabisa, juu ya kaburi la udongo. Mwaka 1968 Papa Paulo wa Sita alitangaza kwamba anaridhika kuwa mifupa iliyopatikana ni ya Petro. Wataalamu hawakubaliani wote juu ya mifupa. Juu ya mahali, ubishi ni mdogo sana.

Waraka ninaoupenda kuliko yote ni ule wa Klementi, anayehesabiwa miongoni mwa maaskofu wa kwanza wa Roma. Kwenye mwaka 96 hivi, Wakristo wa Korintho waliwaondoa wazee wao madarakani. Kanisa la Roma likaandika barua ndefu kuwaambia warudi kwenye utaratibu. Inaeleza kwamba mitume walijua kutakuwa na ugomvi juu ya cheo cha usimamizi, wakaweka watu, wakaagiza kwamba hao wakifa, wengine waliothibitishwa waishike huduma yao. Inasema wasiotii maneno yaliyosemwa na Mungu kwa njia yetu wanajiingiza hatarini. Korintho haikuona imeingiliwa. Miaka zaidi ya sabini baadaye askofu wao aliandika kwamba bado wanaisoma barua hiyo kanisani.

Lakini tazama imeandikwaje. Ni "sisi" mwanzo mpaka mwisho, jina la Klementi halimo, tumelipata kwa mapokeo. Inyasi wa Antiokia, akipelekwa kuliwa na wanyama mwanzoni mwa karne ya pili, aliandikia makanisa kadhaa akisisitiza askofu, askofu, askofu. Kwa Warumi analisifu Kanisa "linaloongoza katika upendo", anasema siwaamuru kama Petro na Paulo, na askofu hamtaji. Hermasi, aliyeishi Roma, anazungumzia wazee wanaoliongoza Kanisa, kwa wingi. Ndiyo maana wanahistoria wengi, Wakatoliki wakiwemo, wanaona kwamba Roma iliongozwa na baraza la wazee kwa miaka mingi kabla askofu mmoja hajasimama wazi katikati ya karne ya pili. Sioni la kutisha hapo. Kwenye mwaka 180 Irenei wa Lyon anapoandika orodha ya Roma, Lino, Anakleto, Klementi, na kuendelea hadi Eleutheri wa kumi na mbili, anawajibu watu waliodai kuwa na mafundisho ya siri ya Yesu. Anawaambia: kama mitume walikuwa na siri, wangewapa wale waliowakabidhi makanisa yao, na waliokabidhiwa tunawajua kwa majina.

Afrika imo katika habari hii mapema kuliko wengi wetu tunavyodhani. Viktori, askofu wa Roma kwenye mwaka 190, anatajwa na mapokeo kuwa Mwafrika, kama Miltiade na Gelasi waliomfuata baadaye. Viktori alitaka kuyatenga makanisa ya Asia kwa sababu ya tarehe ya Pasaka. Irenei alimsihi asifanye hivyo. Tukio moja, na linaonyesha pande zote mbili: askofu wa Roma alijiona ana uwezo wa kuwatenga walio mbali, na maaskofu wenzake walijiona huru kumwambia amezidisha.

Kisha Sipriani, askofu wa Karthago, pale ilipo Tunisia ya leo. Sipriani aliheshimu mno kiti cha Petro, mpaka Papa Stefano alipomwambia asiwabatize upya waliobatizwa na wazushi. Mwaka 256 Sipriani aliwakusanya maaskofu wa Afrika zaidi ya themanini, akatamka kwamba hakuna miongoni mwao anayejifanya askofu wa maaskofu. Stefano alisimamia urithi wake kutoka kwa Petro, naye ndiye wa kwanza tunayemjua kuusimamia waziwazi namna hiyo. Nani alishinda? Nenda parokia yoyote ya Dar leo: Mlutheri wa Azania Front akijiunga na Kanisa Katoliki, habatizwi tena. Ni msimamo wa Stefano. Sipriani naye ni mtakatifu, na jina lake husomwa katika Sala ya Ekaristi ya kwanza, pamoja na mapapa.

Baada ya Konstantino mambo yalikua haraka. Kwenye Mtaguso wa Nisea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 325, Papa Silvesta hakwenda, alituma mapadre wawili. Mtaguso wa Kalkedoni mwaka 451 ndio kilele. Barua ya Papa Leo Mkuu juu ya Kristo ilisomwa, na maaskofu wa Mashariki wakapaza sauti, "Petro amesema kwa kinywa cha Leo!" Mkatoliki hupenda kuishia hapo. Mtaguso huohuo ukaandika kanuni ya 28, kwamba Roma ilipewa heshima kwa sababu ni mji wa mfalme, na Konstantinopoli, Roma mpya, ipewe heshima sawa ikiwa ya pili. Leo aliikataa. Kwake sababu ilikuwa Petro, haikuwa mfalme. Ukitaka kujua kwa nini sisi na Waorthodoksi tuliachana, usianze mwaka 1054. Anza na kanuni ile: wao wanakubali kwamba Roma ni ya kwanza, wanachouliza ni ya kwanza kwa heshima au kwa mamlaka.

Zama za kati nitazipita haraka, ila kuna jambo moja la kusimama kidogo, kwa sababu linasikika sana kwenye mihadhara yetu. Utasikia kwamba kofia ya Papa imeandikwa Vicarius Filii Dei, na herufi zake kwa hesabu ya Kirumi zinafika 666. Hesabu yenyewe ni sahihi. Cheo sicho. Jina rasmi ni Wakili wa Kristo, Vicarius Christi, na maneno yale mengine yanatoka kwenye hati iitwayo Zawadi ya Konstantino, iliyodai kwamba mfalme huyo alimpa Papa utawala wa nchi za magharibi. Hati hiyo ni ya kughushi, ilitengenezwa karibu na karne ya nane. Mapapa waliitumia kwa karne kadhaa, jambo ambalo halina utetezi. Aliyeifichua kwa ushahidi wa lugha, mwaka 1440, alikuwa Mkatoliki, Lorenzo Valla, na miaka michache baadaye Papa alimwajiri.

Yapo na mengine ya aibu. Mapapa kuhamia Avignon, Ufaransa, kuanzia 1309 hadi 1377. Kisha farakano mpaka 1417, ambamo kuna kipindi watu watatu kwa mpigo walikuwa wanajiita Papa. Msumari wa Eliakimu ulilegea kweli.

Tarehe 18 Julai 1870 Mtaguso wa kwanza wa Vatikano ulitamka kwamba Papa hawezi kukosea, na hakuna fundisho letu linalosimuliwa vibaya kama hili, hata na Wakatoliki. Halisemi Papa hatendi dhambi. Papa ana padre wake wa kumwungamisha. Halisemi kila hotuba yake ni neno la Mungu. Linasema akitamka rasmi kama mchungaji na mwalimu wa Wakristo wote, juu ya imani au maadili, akilifunga Kanisa zima, ndipo Mungu anamkinga na kosa. Tangu siku hiyo uwezo huo umetumika mara moja, tarehe 1 Novemba 1950, juu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni. Waliopinga mwaka ule wa 1870 walimtaja Papa Honori, aliyelaaniwa na mtaguso mwaka 681 kwa kuyumba juu ya Kristo. Hoja yao ndiyo iliyosaidia masharti yawe makali hivyo.

Miezi miwili baada ya tamko hilo la 1870, jeshi la Italia likaichukua Roma, na Papa akapoteza nchi zake. Leo Vatikano ni hekta 44, kwa mkataba wa 1929. Upapa ulikuwepo bila nchi kabla, na bila nchi ulibaki. Mtaguso wa pili wa Vatikano ukalikamilisha fundisho kwa kusema maaskofu wote ni urika mmoja, yaani kundi moja, pamoja na Petro na chini yake. Na mwaka 1995 Yohane Paulo wa Pili, aliyetutembelea hapa Dar mwaka 1990, aliwaomba viongozi wa makanisa mengine wamsaidie kutafuta namna ya kuutumikia ukuu huo ili wote waweze kuupokea. Papa ndiye aliyeomba.

Watu huniuliza kwa nini kardinali wa Tanzania ampigie kura askofu wa mji wa Italia. Zamani askofu wa Roma alichaguliwa na Warumi wenyewe. Mwaka 1059 kazi hiyo ilikabidhiwa makardinali, ambao wakati huo walikuwa mapadre na maaskofu wa makanisa ya Roma na kandokando yake. Ndiyo maana hadi leo kila kardinali, awe wa Manila au wa Tabora, hupewa kanisa lake huko Roma, na anapoingia kupiga kura anaingia kama mmoja wa wakleri wa mji ule. Laurean Rugambwa, kardinali wa kwanza Mwafrika katika zama zetu, aliingia mara mbili mwaka 1978 akiwa askofu mkuu wa Dar es Salaam. Polycarp Pengo akaingia 2005 na 2013. Mwaka 2025 aliingia Protase Rugambwa wa Tabora. Papa ni Papa kwa sababu ni askofu wa Roma. Wengi tunaisema kinyume.

Nilimweleza yule kijana haya yote kwa vipande, wiki mbili, tukiwa tunarudi kutoka jumuiya. Katika siku zile padre alipofika kwenye Sala ya Ekaristi, mahali pa kumtaja Papa aliparuka, akamtaja askofu wetu tu. Kiti kilikuwa wazi. Masikio yaliyozoea kusikia jina kwa miaka kumi na miwili yalisikia pengo lile kila Misa.

Jumapili ya tarehe 11 Mei kanisa lilijaa mpaka nje. Padre alipofika mahali pale alitua kidogo, kama mtu anayepanda ngazi gizani akiitafuta kwa mguu, kisha akasema, pamoja na Papa wetu Leo. Kijana alikuwa mbele yangu safu mbili. Aligeuka akanitazama.